Kata Isiyo na Vifo

Simu ya pongezi ilimkuta Navoneiwa bondeni, amekunja sketi mpaka magotini, anang'oa magimbi kando ya mfereji. Alikiinua kishikwambi kwa vidole viwili asije akakipaka tope.

"Shikamoo mama. Ni Kokushubira, wa ofisi ya Hesabu mkoani."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko kwenye joto?"

"Joto lipo, tumelizoea. Mama, leo nina habari njema. Kata ya Vumbari imeongoza mkoa mzima. Tangu masika yaanze hamjapata kifo hata kimoja. Hata kata zenye hospitali kubwa hazijafika hapo."

Navoneiwa aliinua macho. Ng'ambo ya mfereji, pale migomba inapokomea, palikuwa na makaburi ambayo udongo wake ulikuwa bado haujashuka. Mashada ya karatasi yalikuwa yameloa na rangi zake zimechuruzikia kwenye mchanga. La pembeni, lenye msalaba wa mti wa mruka, lilikuwa la mume wake, Elieneza.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Endelea."

"Sasa kwa kuwa ninyi mko salama, Hesabu imeamua lile gari la madaktari lililokuwa lije kwenu liende tarafa ya chini, kwenye kipindupindu. Nikaona nikwambie mwenyewe kabla hujalisoma kwenye kioo."

"Hesabu inasema hatufi."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu," Navoneiwa alisema, akaweka gimbi chini taratibu kama kitu kinachovunjika, "mimi jana nimetoka kuzika."

*

Wakati huo nchi ilikuwa imeacha kuwatuma makarani kwenda nyumba kwa nyumba. Hakukuwa tena na sensa ya kila miaka kumi, wala ripoti inayotoka wakati waliohesabiwa wameshahama au wameshakufa. Kila mtu, tangu mtoto wa kunyonya, alivaa bangili ya mpira wa kijivu mkononi. Bangili ilisikia mapigo ya moyo, ikapima joto la mwili, ikajua mtu amekula au amelala na njaa, amekaa karibu na nani, ametembea au ameshinda kitandani.

Lakini haikuyapeleka hayo mahali. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake. Bangili za kijiji zilinong'onezana zenyewe kwa zenyewe kupitia mtandao, kila moja ikafanya kipande chake kidogo cha hesabu, zikajumlisha kwa pamoja, na kilichotoka kijijini kilikuwa jumla tupu. Hapakuwa na jengo lenye mashine kubwa. Mikono ya watu ndiyo iliyokuwa mashine. Jambo ambalo zamani wataalamu walilitafuta kwa miaka mitatu, Hesabu Hai ililijua kabla uji haujapoa: wapi homa imeanza, wapi watoto wamedumaa, wapi mbegu hazikuota. Dawa zilikwenda ilikosema, na walimu vivyo hivyo. Neno la mtu lilikuwa limeondolewa kabisa, kwa sababu neno la mtu lilikuwa limedanganya sana. Kata moja ilibuni wagonjwa ili ipate vyandarua, nyingine ikaficha kipindupindu ili mnada usifungwe. Ofisi za kuandikisha vifo zilifungwa. Nani tena aandike, na mioyo yenyewe inajihesabu?

Watu wa Vumbari waliikataa bangili kwa muda mrefu. Milimani watu wanajuana mpaka ndani ya chungu, na kila nyumba ina lake la kusitiri: huyu anameza dawa kwa siri, yule binti yake alikuwa mjamzito na mimba haikuonekana tena, yule mwingine mume wake hulala kwingine. Waliambiwa sheria imeikataza bangili isimjue mwenye nayo, iujue mwili tu. Hawakuamini sheria. Walimwamini Navoneiwa. Alichaguliwa kuwa shahidi wa kata, yaani mtunza ufunguo wa siri za bangili, akasimama kanisani Jumapili mkono ukiwa juu ya Biblia, na Ijumaa akasimama kwenye baraza la msikiti mbele ya wazee, akaapa mara zote mbili maneno yale yale: cha nyumba kitabaki nyumbani. Tangu usichana wake hakuna aliyewahi kusikia umbea ukitoka kinywani mwake. Wakanyoosha mikono, wakavalishwa.

*

"Mmezika?" Kokushubira aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tumezika jana. Juma lililopita tumezika wawili siku moja. Macho yanageuka njano, tumbo linajaa maji, mtu anaacha kula, basi. Mume wangu alianza hivyo. Mimi nilijua mnaona. Kila siku nasema leo gari litakuja."

Kisha msichana yule alianza kusema polepole, kama mtu anayepapasa gizani.

"Mama, kuna kitu. Mimi sikuoni wewe, simwoni mtu yeyote huko, naona namba tu. Lakini kwenye namba za Vumbari kuna kasoro. Kuna bangili zinazokwenda mbili mbili. Mioyo inapiga pamoja. Mmoja akishtuka, na mwenzake anashtuka hapo hapo. Mmoja akipanda mlima, na mwenzake anapanda. Wenzangu hapa wanasema ni kelele za mtandao, tuzifute. Nimewaomba wanisubiri niulize kwanza. Unajua chochote?"

Navoneiwa aliitazama mikono yake iliyojaa tope. Kwenye mkono wa kulia ilikuwa bangili yake. Kwenye mkono wa kushoto, ikimpwaya kidogo kwa kuwa ilizoea mkono mnene, ilikuwa bangili ya Elieneza.

Huko milimani marehemu hakuachwa aondoke ghafla. Mtu wake wa karibu alivaa kitu kilichogusa mwili wake, akakaa nacho mpaka mavuno yaingie ndani na ukoo ukutane kuanua tanga. Zamani kilikuwa kofia, au koti, au shanga za kiunoni. Lakini siku hizi mtu alikuwa na nini kilichomgusa kuliko bangili? Ilivuliwa mkononi mwa marehemu wakati wa kuoshwa, ikasubiri maziko, na watu wakitoka makaburini mfiwa akavalishwa mbele ya wote. Hakuna aliyewaza habari za mashine. Waliwaza habari za mtu wao.

"Najua," alisema Navoneiwa. "Ni wafiwa, mwanangu. Mmoja wao ni mimi."

Alimweleza. Kokushubira alisikiliza bila kumkata, na alipomaliza alisikika akivuta kiti, akakaa.

"Jozi hizo zinapita thelathini," alisema.

"Basi ndio hao."

"Thelathini, na sisi tunawapongeza." Akakohoa kidogo. "Mama, ngoja nisikufiche kitu. Hata nikiandika leo kwamba umeniambia, Hesabu haina mahali pa kuliweka neno lako. Gari halitoki. Na hata likitoka, daktari atafika atibu nini? Hamjui kinachowaua, mimi pia sijui. Hesabu ingejua. Ikijua nani amekufa na nani amepona, italinganisha maji, vyakula, njia walizopita, yote, kwa dakika chache. Lakini kwake hao wote wako hai, wazima, wanapanda milima. Wanaharibu hesabu ya wagonjwa."

"Tufanyeje?"

"Njia ni mbili. Ya kwanza, bangili za marehemu zivuliwe, zikae bila mwili siku tatu. Chini ya hapo inadhani mtu ameivua kwa muda tu. Na zivuliwe nyingi, mama. Zikiwa mbili tatu itaona ni vifo vya kawaida, haitahangaika. Ya pili..."

"Ya pili ni Dirisha."

"Ndiyo."

Dirisha lilikuwa ndani ya kishikwambi, na ufunguo wake ulikuwa dole gumba la shahidi. Likifunguliwa, bangili zote za kata zingesema majina: nani ni nani, anaumwa nini, anameza nini, analala wapi. Mkoa ungeona bangili za majina mawili kwenye mwili mmoja, wizara ingeona, na yeyote mwenye cheo cha kuona angeona.

"Linafungika tena?" Navoneiwa aliuliza, ingawa alijua.

"Halifungiki."

*

Wifi yake, Naetwe, alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Naetwe alikuwa dada yake Elieneza, mwanamke mrefu mwenye ulimi ambao hata mchungaji aliuogopa. Alikuwa mjane wa miaka mingi, na mwanzoni mwa masika alikuwa amemzika binti yake wa pekee, Eliaika. Mikono yake yote miwili ilikuwa na bangili.

"Karibu, shahidi," alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kunishuhudia nikikata majani?"

"Nimekuja kwa mengine, wifi."

"Sema, mikono ndiyo inafanya kazi. Masikio yamekaa bure."

Navoneiwa alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akasema yote, la jozi na la siku tatu. Panga liliendelea kukata, kisha likapunguza, kisha likasimama.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia nimvue mwanangu."

"Nimekuja kukwambia nchi haijui kwamba amekufa."

"Mimi najua. Nchi ilimzaa?"

"Wifi..."

"Nchi ilimnyonyesha? Niliivaa hii mbele ya watu. Nikamwambia Eliaika, tutakaa wote mpaka mahindi yaingie ndani. Leo nimtoe nje kama paka kwa sababu mashine yenu imekosea kuhesabu? Irekebisheni mashine." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na ya kaka yangu usiiguse. Ukiivua umemzika mara mbili, na mara ya pili sitakuja."

Jua lilikuwa limempiga Naetwe usoni, na hapo Navoneiwa aliona. Weupe wa macho ya wifi yake ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Tangu lini macho yako yako hivyo?"

"Ni moshi."

"Si moshi."

"Basi ni uzee. Nenda, wifi. Ng'ombe hajala."

Navoneiwa alirudi kwake kwa njia ya juu ili asikutane na watu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba kwa sauti ndogo kama alivyoomba kila siku tangu abaki peke yake, lakini safari hii alimaliza maneno mapema akabaki amepiga magoti tu. Kisha aliingiza vidole chini ya bangili ya Elieneza. Ilitoka kirahisi. Pale ilipokuwa, ngozi ilikuwa na alama nyeupe. Aliilaza juu ya kabati, juu ya kitambaa alichokidarizi mwaka waliooana, na akakaa akiisikiliza, ingawa bangili haina sauti.

*

Siku zilizofuata alipita nyumba kwa nyumba, mkono wake wa kushoto ukiwa mtupu. Hakuamrisha mtu. Alieleza, akajibu maswali, akaondoka. Wachache walikubali. Wengi walimsikiliza kwa heshima, wakamkaribisha maziwa, na alipofika kwenye uzio aliona mikono yao imerudi chini ya kanga. Namkunda, mjane kijana kuliko wote, ambaye mume wake ndiye aliyezikwa siku moja kabla ya ile simu ya pongezi, alilia tu.

"Shangazi, bado ina harufu yake," alisema. "Niache kwanza."

Kanisani Naetwe alipita karibu yake akaangalia mkono ule mtupu. "Hongera," alisema, watu wakisikia. "Bwana harusi ni nani?"

Baadhi walicheka kwa kujificha. Navoneiwa alifungua kitabu cha nyimbo.

Bangili chache zilizovuliwa zilizimika, na Kokushubira alipiga simu kusema kwamba Hesabu imeviona vifo hivyo. Imevipokea, imeviweka kwenye fungu la wazee, imeendelea na kazi. "Haijashtuka, mama," alisema. "Bado inaona wagonjwa wenu wanapona. Hawa wengine wote wanaotembea, inadhani ndio waliopona."

Naetwe alianguka zizini. Walimbeba kwa machela ya miti mpaka kitandani, na tangu hapo hakusimama. Tumbo lilimjaa, akawa hataki kitu ila maji ya baridi. Navoneiwa alihamia kwake. Alimwosha, akamgeuza, na kila asubuhi alimpa maji ya kumezea vidonge ambavyo Naetwe alivitoa chini ya godoro akavimeza amegeukia ukuta. Navoneiwa alijua ni vidonge gani. Alikuwa amejua miaka mingi, kabla hata ya bangili, na hawakuwahi kulizungumza.

Siku moja adhuhuri mgonjwa alipotulia, Navoneiwa alikitoa kishikwambi kwenye mkoba. Alikiwasha, akapita ukurasa baada ya ukurasa mpaka akafika pale palipokuwa na duara la kuwekea dole gumba. Aliona kila kitu kwa pamoja. Aliona gari likipanda kona za mlima, daktari akishuka, wifi yake akipona, akirudi kumtania kanisani. Aliona pia jina la Naetwe na ya chini ya godoro yakisomwa na mtu asiyemjua, kwenye meza yenye chai. Aliona la Namkunda, na la yule binti, na la yule mume anayelala kwingine, nyumba baada ya nyumba, paa zimefunuliwa zote na watu wamekaa ndani wakitazama juu. Hao ndio walionyoosha mikono kwa sababu yeye aliapa. Je, Mungu anataka nini kwa mtu aliyeapa kwa jina lake, na kiapo hicho hicho kinaua? Alimwuliza. Mle chumbani mlisikika pumzi ya mgonjwa tu.

"Wifi." Naetwe alikuwa amefumbua macho. "Hicho kidole kinafanya nini hapo?"

"Kinataka kukusaidia."

"Kiondoe."

"Utakufa, Naetwe."

"Kila mtu." Alimeza mate kwa taabu. "Miaka yote hii nimekula dawa nikiangalia ukuta. Kaka yangu hakujua. Wewe ulijua, ukanyamaza, na mimi nilijua kwamba unajua. Unadhani kwa nini nilinyoosha mkono siku ile ya bangili? Kwa ajili ya nchi?"

Navoneiwa alikizima kishikwambi. Akakirudisha mkobani.

"Basi nisaidie kwa ile nyingine," alisema. "Tuivue ya Eliaika. Wakiona wewe umeivua, wote watavua. Wanakuogopa kuliko wanavyonisikiliza mimi."

Naetwe aliifunika bangili ya binti yake kwa kiganja.

"Sijaweza," alisema mwishowe, bila ukali wowote. "Usinichukie. Sijaweza tu."

Alikufa Alhamisi, wakati watoto wanatoka shule.

*

Walimzika kando ya Eliaika. Mzee Hamisi Mgonja, aliyekuwa amechimba makaburi yote ya masika yale, alipanda juu kutoka shimoni akakung'uta mikono, akasema na hili liwe la mwisho, kama alivyokuwa amesema kwenye yale mengine. Watu walirudi uani. Bibi mkubwa wa ukoo akatoka ndani na sahani ya bati, na juu yake bangili mbili: ya Naetwe, na ile ya Eliaika ambayo sasa ilibaki bila mtu. Wa karibu alikuwa mmoja tu. Bibi akaja moja kwa moja mpaka alipokaa Navoneiwa, akasimama akingoja mkono.

Navoneiwa hakuutoa.

"Mwanangu," bibi alinong'ona, "watu wanatazama."

"Naona, bibi. Iweke sahani chini."

Mnong'ono ulipita uani. Mtu mmoja kutoka upande wa wanaume alisema kwamba wifi yake alisema kweli, huyu ana haraka ya kuwafukuza wafu.

Navoneiwa alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, isipokuwa siku zile mbili za kiapo.

"Simfukuzi," alisema. "Huyu amenitukana miaka arobaini na hakuna mtu nitakayemkosa kama yeye. Lakini nendeni popote katika nchi hii mkaulize habari za Naetwe. Mtaambiwa yuko hai. Mkaulize habari za Elieneza, mume wangu, niliyemwosha kwa mikono hii. Mpaka nilipoivua bangili yake, kwao alikuwa mzima, anapanda mlima. Nilikuwa na njia ya kuwaita wakubwa kwa kuwaanika ninyi wote, na Naetwe alinikataza, nami nikamsikia, na amekufa kwa hiyo. Sitaki afe halafu aambiwe hakufa. Nataka nchi ijue tumepungukiwa. Basi."

Akaketi, akajifunika kanga usoni.

Ng'ombe wa Naetwe alilia zizini. Kisha Namkunda aliinuka. Alitembea mpaka kwenye ile sahani, akapiga magoti, akaanza kuivua bangili ya mume wake. Ilikwama kwenye kifundo, akaivuta huku analia waziwazi, ikatoka. Akaibusu, akaiweka. Baada yake akaja mama mwenye bangili ya mtoto, ndogo kama pete ya pazia. Akaja mwanamume aliyekuwa ameivaa ya mkewe mkono wa juu, chini ya shati, kwa aibu. Walikuja mmoja mmoja, wengine wakisema neno kwa mtu wao kabla ya kuinua mkono, na bibi ikambidi alete sahani ya pili.

*

Simu iliita siku ya tatu ya tanga, kabla ya chakula cha mchana. Navoneiwa aliipokelea nyuma ya zizi.

"Zimezimika," alisema Kokushubira, naye hakusalimia, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Zote kwa mpigo. Mama, sijawahi kuona Hesabu ikifanya hivi. Imesimamisha kazi nyingine zote za mkoa, imeigeukia Vumbari. Gari limeshatoka, na lingine linafuata."

"Mungu ashukuriwe."

"Ngoja. Sikia kwanza. Imelinganisha maji, siyo. Mbu, siyo. Mtu kumwambukiza mtu, siyo, maana kuna waliowauguza wagonjwa wote na hawana kitu. Imepata kundi moja ambalo halikuugua hata kidogo. Lilikuwepo kwenye kila mkusanyiko, likakaa na wengine, likasimama na wengine, lakini wakati mikono ya wengine inakwenda mdomoni, yake ilitulia. Mchana kutwa halikula. Karibu mwezi mzima."

"Ni Waislamu wetu," alisema Navoneiwa. "Ulikuwa mfungo. Walikuja kuzika, wakaondoka bila kula."

"Basi ndiyo hiyo. Mama, kwenye misiba yenu mnakula nini?"

Navoneiwa aliegemea ukuta wa zizi. Vumbari kila nyumba ilitoa debe la mahindi baada ya mavuno, yakawekwa kwenye ghala moja la msiba, na makande ya wafiwa hayakupikwa kwa mahindi mengine yoyote. Masika yalipoanza bati la ghala lile lilipeperuka, na mahindi yakaloa kabla hawajajua. Kina mama waliyakuta yamefanya ukungu wa kijani. Mahindi ya nyumbani wangeyamwagia nguruwe. Ya msiba hayatupwi, yameshatolewa kwa ajili ya wafu. Wakayaosha, wakayaanika, wakayarudisha. Yeye mwenyewe alishika ungo. Msiba wa kwanza ulikula, ukazaa wa pili, na wa pili ukala.

"Mama?"

"Makande," alisema. "Ya mahindi ya ghala la msiba. Yaliloa, yakafanya ukungu."

"Inasema ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka. Haifi kwa kuchemshwa. Mama, tafadhali, msile chochote cha ghala hilo. Hata punje."

Uani watu walikuwa wameshakaa kwa safu, sahani mikononi. Sufuria kubwa lilikuwa limeshushwa kwenye mafiga, mvuke wake unanukia vitunguu na maziwa, na bibi mkubwa alikuwa ameshika upawa. Makande ya Naetwe. Kummwagia mfiwa chakula chake ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona milimani, hata kwa adui.

Navoneiwa alipita katikati ya safu. Alikunja kanga mara mbili kwenye viganja, akashika sikio moja la sufuria, akamtazama Namkunda. "Shika huko," alisema.

"Shangazi?"

"Ndiyo yanayotuua. Shika."

Namkunda alimwangalia usoni, na alichokiona kilimtosha. Akakunja kanga yake, akashika. Wakaliinua wote wawili, wakalibeba hatua chache mpaka kwenye majivu, wakalipindua. Makande yalimwagika meupe, yakatambaa yakifuka moshi. Mzee mmoja aliinuka nusu, akakaa tena. Bibi mkubwa alibaki na upawa wake hewani.

Kuku walikuja mbio kutoka migombani. Namkunda alichukua ufagio akawafukuza, wakarudi, akawafukuza tena. Navoneiwa alianza kuwaeleza watu kwa sauti ya chini, kuanzia kwa waliokaa karibu, kuhusu bati lililopeperuka na wale waliofunga. Nao walimsikiliza wakiwa na sahani tupu mapajani, wengine wakihesabu kimoyomoyo misiba waliyokula, macho yao yakiwa barabarani kule chini ambako magari hupanda.